Kifurushi cha Baba

"Hii chupa imekauka lini, Mama? Nijibu! Lini?"

"Usinipigie kelele ndani ya nyumba yangu."

"Sipigi kelele, nauliza!"

Alikuwa anapiga kelele. Dada alikuwa amesimama katikati ya sebule, viatu vya kazini bado miguuni, ameshika kile kichupa cha dawa ya macho. Alikitikisa sikioni. Akakibinya juu ya kiganja. Hakikutoka kitu.

"Kilitakiwa kiishe mwezi uliopita," akasema. "Nikadhani umenunua kingine. Kumbe ni hiki hiki."

"Nilikuwa nakibana."

"Unakibana vipi?"

"Leo natia, kesho napumzika. Ili kifike mbali."

"Mama! Ile ni dawa, siyo sukari!"

Mimi nilikuwa nimejilaza kwenye kochi, rimoti iko tumboni. Nikapunguza sauti ya TV ili nisikie vizuri. Hapo ndipo nilipokosea. Dada akanigeukia.

"Na wewe, Mheshimiwa Rimoti! Unashinda humu kutwa nzima. Hayo macho yako mazima yana kazi gani?"

"Sasa mimi nimeingiaje hapo?"

"Chupa ilikuwa juu ya kabati! Hatua mbili kutoka kwenye huo mgongo wako!"

Kweli ilikuwa hatua mbili. Nilikuwa nimemaliza shule miezi minane nyuma, na tangu hapo safari yangu ndefu ilikuwa ya kutoka kitandani hadi kwenye kochi.

Kabla Dada hajaongeza lingine, simu ikalia kwenye rafu. Siyo simu ya Mama. Ni ile ya Baba, ya vitufe, kioo kimepasuka pembeni. Ulikuwa mlio wa ujumbe. Mama akanyoosha mkono.

"Mwanangu, nisomee."

Nikamwangalia Dada. Nikaichukua, nikasoma.

"Mpendwa mteja." Hapo yakafuata majina ya Baba, yote matatu. "Asante. Malipo ya kifurushi chako kikubwa yamepokelewa. Endelea kuburudika na chaneli zaidi ya mia moja."

Mama alikuwa amefumba macho. Alikuwa anasikiliza kama mtu anayepewa salamu kutoka mbali.

Dada akakaa kwenye stuli. Sasa alizungumza polepole, na ilikuwa afadhali alipokuwa anafoka.

"Umelipa TV. Dawa umebana, TV umelipa. Mama, Baba amefariki. Haburudiki. Hakuna hata chaneli moja anayotazama."

Mama akainuka, akaelekea chumbani kwake. Bega la kulia likagonga fremu ya mlango, pu! Hakusema hata "aa". Akasogea kidogo kushoto, akapita.

Nyumba ile kaijenga mwenyewe na Baba. Amepita mlango ule miaka ishirini.

*

Nikueleze ilivyokuwa.

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Kazi ya moto na moshi, jua kali, mchana kutwa. Starehe yake ilikuwa moja tu, mpira. Alipopata kazi kubwa ya mageti ya shule, alinunua king'amuzi. Akachukua kifurushi kikubwa kuliko vyote, kwa sababu chaneli za mpira zilikuwa humo tu. Akaweka malipo yakatwe yenyewe kila mwezi kwenye laini yake ya simu, asije akasahau. Jumamosi nyumba ilijaa. Mafundi wenzake walikaa hadi sakafuni, wanamtukana refa ambaye hawasikii.

Halafu kifua kikamwanza. Akakohoa miezi mitano. Tukamzika.

Kila kitu chake kilisimama siku ile, isipokuwa kifurushi. Mama aliendelea kuweka hela kwenye laini ya Baba kila mwezi. Hela inakatwa, ujumbe unaingia, mimi namsomea. Yeye anashona na kurekebisha sare za wanafunzi, pindo huku, zipu kule. Ni hela ya jasho. Na kile kifurushi kilikuwa kinakula karibu hela yote ya chupa mbili za dawa.

Maana Mama ana presha ya macho. Siyo ile presha ya kupimwa mkononi. Hii ni ya ndani ya jicho. Haiumi, haiwashi, jicho wala haliwi jekundu. Inakula uwezo wa kuona kidogo kidogo, inaanzia pembeni, hadi mtu anagonga mlango wake mwenyewe. Kliniki walimwandikia dawa mbili za matone. Moja ina kifuniko cha njano, nyingine cha kijani. Kila siku, bila kuruka.

Dada anafua mashuka hospitalini. Siyo muuguzi, lakini masikio anayo. Siku ile ya ugomvi aliniita nje, tukasimama karibu na kamba ya nguo.

"Unajua kilichopotea kwenye jicho hakirudi?" akaniuliza.

"Si kuna miwani?"

"Hakuna miwani ya hiyo. Hakuna operesheni ya kukirudisha. Dawa inalinda kilichobaki, basi. Na Mama anaitia siku moja moja kama anamwagilia ua."

Hakulia. Alikuwa anang'oa uzi kwenye mkono wa sweta yake, anaung'oa tu.

*

Kesho yake Dada alichomoa king'amuzi, akakifunga kwenye mfuko. Eti kinauzwa. Nikapiga kelele kudai haki zangu. Mama hakupiga kelele. Alikaa kwenye cherehani yake, mbele ya TV iliyokufa, akashona.

Siku mbili hakuongea. Nyumba ikawa kimya kama msiba umerudi. Siku ya tatu mteja akarudisha sare moja. Mkono wa kulia ulishonwa kushoto, wa kushoto kulia. Mteja alicheka, akafikiri ni haraka ya kazi. Sisi hatukucheka.

"Nashonea masikio siku hizi," Mama akamwambia Dada. "Macho yakichoka, nasikiliza hadithi ya saa tisa, nasikiliza habari, mikono inaenda yenyewe. Umeninyima hata watu wa kunizungumzisha. Huyu wa kwenye kochi akifungua mdomo, ni kuuliza chakula."

Dada akafungua mfuko, akarudisha king'amuzi. Nilimwona amechoka kuliko Mama. Na ndipo akaenda kumwita Mama Vocha.

Mama Vocha ni jirani wa nyumba ya tatu. Ana kidirisha anauza vocha, anachaji simu, analipia watu vifurushi vya TV. Mume wake anafunga madishi. Hakuna nyumba mtaani kwetu ambayo hajui inatazama nini. Alikuja na kanga begani, akakaa, akamshika Mama mkono.

"Mwenzangu, binti yako kaniambia. Kwanza, TV siyo adui. Usiiuze. Tatizo ni kifurushi. Nyinyi mnatazama chaneli ngapi?"

"Si zipo zaidi ya mia," nikasema mimi.

"Sikuuliza zipo ngapi. Ukiingia kwangu kununua kiberiti kimoja, nikakufungia duka zima ulibebe, utalipa?"

"Siwezi kulibeba."

"Basi ndicho mnachofanya kila mwezi. Mnalipia duka, mnatumia kiberiti."

Dada akacheka kidogo, kwa pua. Mama Vocha akaomba karatasi. Nikampa ya nyuma ya daftari langu la fizikia. Akachora mistari, siku saba kwenda chini, watu watatu kwenda kulia.

"Fanyeni hivi, wiki moja. Kila mtu akikaa kutazama chaneli, anaandika jina la chaneli na saa. Lakini nisikilizeni vizuri. Msihesabu TV kuwaka. TV ya kwenu inawaka kutwa, nimeona. Hesabuni mtu. Kama imewaka na hakuna anayeitazama wala kuisikiliza, msiandike kitu. Wiki ikiisha, nileteeni. Mimi nina orodha ya vifurushi vyote, kidogo, cha kati na kikubwa, na chaneli zilizomo. Tunatafuta kilicho kidogo kabisa chenye zile mnazotazama. Jina la kifurushi lisiwatishe. Someni kilichomo ndani."

"Na chaneli za bure?" Dada akauliza.

"Enhe! Hapo umeuliza la maana. Kwenye king'amuzi chenu hiki, chaneli ya taifa na nyingine mbili zinaonyesha hata usipolipa kitu. Siyo ving'amuzi vyote viko hivyo, ndiyo maana mtu anauliza kwanza. Halafu kuweni makini hapa pa tarehe. Hela yenu inakatwa yenyewe tarehe kumi. Mabadiliko lazima yafanyike kabla ya hapo. Ikipita, mmeshalipia mwezi mwingine mzima."

Sasa Mama akauliza, kwa sauti ya mtoto aliyefanya kosa:

"Nikipunguza, si watafunga? Si watamfuta?"

"Kumfuta nani?"

"Yule... mwenye jina."

Mama Vocha hakuelewa. Dada akaelewa. Na mimi nikaelewa, nikatamani ningekuwa mahali pengine. Kila mwezi nilimsomea Mama ule ujumbe nikidhani anataka kujua kama hela imeingia. Kumbe alikuwa ananunua ile sekunde moja ambayo mtu anamtaja mume wake kwa majina yote matatu, na kumwambia asante. Alikuwa anaogopa akigusa kifurushi, jina litaondoka.

Dada akamweleza Mama Vocha, kwa maneno machache. Mama Vocha akajifuta uso na pembe ya kanga.

"Hawamfuti, mwenzangu. Kifurushi ni kitu kingine, akaunti ni kitu kingine. Ukipunguza, jina linabaki vile vile. Ila na mimi nikwambie ukweli. Laini ya marehemu siku moja inaweza kufungwa. Ikifungwa, mtahangaika. Siku ukiwa tayari, chukua kitambulisho chako na cheti cha kifo, nenda ofisini kwao, waandike jina lako. Siku ukiwa tayari. Simaanishi leo."

Alipofika mlangoni akaongeza: "Mimi napata changu kidogo kwa kila ninayemlipia. Cha kikubwa ni zaidi. Sasa mjiulize kwa nini nimekuja kuwaambia mpunguze."

*

Sasa sehemu hii ningependa niiruke. Lakini nikiiruka, stori haina maana.

Dada alipata mshahara, akanunua chupa ya kifuniko cha njano. Ya kijani, nayo ilikuwa imekwisha, ilikuwa ghali zaidi. Tukakubaliana itanunuliwa na hela itakayobaki tukipunguza kifurushi. Kila kitu kilikuwa kimepangwa.

Halafu nikaisoma ile orodha kidirishani kwa Mama Vocha. Chaneli yangu ya filamu ilikuwa kwenye kifurushi kikubwa tu. Sawa na zile za mpira.

Unajua maisha ya mtu aliyemaliza shule na hana pa kwenda? Asubuhi marafiki wanapita wanaenda kazini, unajificha wasikuone na kaptula ya kulalia. Nilikuwa naishi ndani ya ile chaneli. Humo watu wanaruka maghorofa. Mimi kuruka kwenye kochi tu kulinishinda.

Nikaiba kwenye karatasi. Na sikuandika filamu, maana filamu zingenipa matusi. Niliandika mpira. Jumamosi, mpira. Jumapili, mpira. Jumanne asubuhi, mpira. Nikajaza safu yangu ikajaa kuliko za wengine wote. Mpira wenyewe siujui. Baba alinieleza sheria ya kuotea mara mia, nikatoka kapa mara mia.

Tulipompelekea Mama Vocha, akaipitisha macho.

"Nani anatazama mpira huu wote?"

"Mimi," nikasema.

Mama akanigeukia. Uso wake ulifunguka. Tangu msiba sikuwa nimeuona hivyo.

"Kumbe? Unautazama mpira wa baba yako?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Ilikuwepo pale, kama kiti kitupu. Nikasema, "Ndiyo, Mama."

"Basi kitabaki," Mama akasema. "Kifurushi kitabaki. Mtoto anatazama mpira wa baba yake."

"Mama, dawa ya kijani?" Dada akauliza.

"Mwezi ujao. Nina ya njano."

Dada alinitazama hadi nikaangalia chini. Mama Vocha akakunja karatasi, akasema, "Haya. Anayelipa ndiye mwenye neno." Tarehe kumi ikafika, hela ikakatwa. Nikamsomea Mama ujumbe.

*

Wiki mbili zilipita. Mchana mmoja nilikuwa natazama filamu, sauti chini. Mama yuko kwenye cherehani. Kwenye kioo gari lilikuwa limelipuka, moto umejaa kote, mwekundu, watu wanakimbia.

"Wanaongoza?" Mama akauliza.

Nikadhani anatania.

"Nani?"

"Si hao wekundu. Timu ya baba yako. Nawaona wanakimbia."

Nikageuka taratibu. Alikuwa anaitazama TV. Macho wazi, kichwa kimeinama kidogo kulia, kama kuku anavyoangalia punje. Kioo kiko hatua nne kutoka kwake. Nikainua mkono wangu, nikaupitisha upande wake wa kulia, karibu na sikio. Nikaupitisha tena. Hakuona kitu.

"Ngapi ngapi?" akauliza.

Mkono wangu bado uko hewani.

"Moja moja," nikasema.

"Mungu awasaidie," akasema Mama, akaendelea kushona.

Nilizima TV. Nikatoka, nikatembea hadi kwenye kidirisha cha Mama Vocha. Alikuwa anapanga vocha.

"Mpira siutazami," nikamwambia.

"Najua."

"Unajua?"

"Kijana, umeandika umetazama mpira Jumanne saa tatu asubuhi. Jumanne saa tatu hakuna mpira. Kuna wanaume wawili wenye tai wanabishana mezani. Mume wangu anawatazama, nawajua hadi viatu."

"Sasa mbona hukusema?"

Akaziacha zile vocha.

"Mama yako alikuwa anacheka," akasema. "Nikashindwa. Nami nilikosea. Nenda kaseme. Mimi sikusemei."

Nilisema jioni ile ile, Dada alipofika tu kutoka kazini. Nilisema nimesimama. Nilisema yote, karatasi, filamu, moto, mkono wangu, moja moja.

Nilitaka Dada afoke. Hakufoka. Alifungua kamba za viatu, akafunga tena, akafungua.

Mama ndiye aliyeongea.

"Kwa hiyo leo mchana haukuwa mpira."

"Haukuwa, Mama."

"Na mimi nikasema naona wekundu."

"Ndiyo."

Akanyanyua mkono wake wa kulia, akauweka mbele ya uso. Akausogeza pembeni, polepole. Akausimamisha. Akaurudisha mbele. Akarudia. Nadhani hakuwahi kujipima. Alikuwa anakwepa kujua, kama mimi nilivyokuwa nakwepa watu asubuhi.

"Ulipotelea hapa," akasema, akionyesha mahali mkono ulipopotea. Palikuwa karibu sana. "Lete karatasi nyingine."

*

Karatasi ya pili ilikuwa na maneno machache. Mama: hadithi ya saa tisa na habari ya saa mbili, zote chaneli ya taifa, na mafundisho ya afya Jumatano kwenye chaneli nyingine. Dada: nyimbo za Jumapili, kama hajalala. Mimi: filamu, filamu, filamu, ukweli mtupu. Mpira: sufuri, hakuna anayeutazama. Kumbe Jumamosi ni Mama mwenyewe aliyekuwa anauwasha.

"Nawasha nisikie ile kelele ya uwanja," akasema. "Siutazami. Nilikuwa nautazama yeye akiwepo, namtazama yeye."

"Kelele ya uwanja redioni ipo, bure," Mama Vocha akasema. "Jumamosi nitakuja nikutafutie stesheni, uiache hapo hapo."

Akatuonyesha kwa kidole kwenye orodha. Chaneli ya taifa na ile ya nyimbo, bure. Ya Jumatano, ndani ya kifurushi kidogo. Kikubwa hakikuwa na kitu chetu isipokuwa filamu zangu. Wote wakanitazama.

"Zitoke," nikasema.

Siku nane kabla ya tarehe kumi, Mama Vocha alibadilisha kifurushi. Akazima pia yale makato ya yenyewe. "Mtakuwa mnalipa wenyewe kila mwezi," akasema. "Mwezi mkisafiri au mkibanwa, hamlipi, hakuna atakayewakamata. Na msiniamini mimi tu. Subirini ujumbe. Usipokuja, mabadiliko hayajafanyika, mnarudi kuuliza. Namba ya siri ya simu msimpe mtu, hata mimi."

Ujumbe ulikuja kabla hajamaliza kufunga kanga. Mama akanyoosha mkono, kisha akaurudisha. Hakuniomba. Nikasoma hata hivyo.

"Mpendwa mteja." Majina matatu. "Umehamia kifurushi kidogo. Asante kwa kuwa nasi."

"Bado wanamsalimia," Mama akasema.

Mama Vocha alitazama ukuta.

Jioni ile Dada alileta chupa ya kifuniko cha kijani.

*

Kliniki nilimpeleka mimi. Daktari alikuwa mwanamke kijana, ana kikohozi. Alimkalisha Mama kwenye mashine, kidevu juu ya kile kibao. Akampima muda mrefu. Kisha akanikalisha na mimi, maana mtu akisikia peke yake anasikia nusu.

Jicho la kulia limekwisha sehemu kubwa. La kushoto limebaki, likitunzwa.

"Ule mwezi mmoja," nikamuuliza, "ule ambao hakuwa na dawa ya kijani. Ndio uliolimaliza?"

"Siwezi kukwambia ni mwezi upi," akasema. "Presha haiandiki tarehe kwenye jicho."

Nilitaka aseme ndiyo, au aseme hapana. Mpaka leo sijui.

Alinifundisha namna ya kutia. Nawa mikono. Kichwa nyuma. Vuta kope ya chini, tone moja, chupa isiguse jicho. Afumbe macho, abonyeze kona ya jicho karibu na pua, dakika mbili, ili dawa ibaki jichoni isiteremke kooni. Kisha subiri dakika tano kabla ya dawa ya pili, la sivyo ya pili inaifukuza ya kwanza. Vitu vidogo. Mwaka mzima Mama alikuwa anatia mbili kwa mpigo, nyingine zinamwagika shavuni.

Miezi mitatu baadaye walimpima tena. Presha ilikuwa imeshuka, macho yote mawili. "Ibaki hapo hapo," daktari akasema. Hiyo ndiyo habari njema yetu. Ni ndogo, lakini ni yetu, na hela yake inatoka mahali pale pale palipokuwa panatoka chaneli mia.

Na mimi? Kochi bila filamu ni ubao tu. Siku ya nne nilishindwa kukaa. Nilitoka nikatembea hadi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambako Baba alikuwa ananunua vyuma. Mwenye duka aliniuliza kama naweza kubeba. Nikasema naweza. Sasa nabeba. Mabati, nondo, saruji. Siyo kazi ya kujisifia. Jioni mgongo unanikumbusha kila mfuko. Lakini dawa ya njano ya mwezi huu nimenunua mimi.

Leo asubuhi nilimtia ya njano. Alifumba macho, akabonyeza kona ya jicho. Nikakaa kwenye stuli mbele yake nihesabu dakika tano. TV imezimwa. Kwenye cherehani kuna sketi ya sare, nusu imeshonwa. Hatukuongea. Zamani dakika tano za kimya zingeniua.

"Umechelewa," Mama akasema, macho yamefumbwa.

"Bado dakika moja."

"Huyo tajiri wako atakukata mshahara."

"Akate."

Nikamtia ya kijani. Tone moja kulia, ingawa kulia kuna nini sasa, na tone moja kushoto. Akabonyeza tena. Nikafunga vifuniko, nikaweka chupa juu ya kabati, nikachukua kofia. Nilikuwa nimeshika kitasa aliposema:

"Simama hapo."

Nikasimama. Alikuwa amefungua macho. Aligeuza kichwa kulia, ule mtindo wake wa kuku, akaniweka kwenye jicho la kushoto. Akanitazama hivyo. Akanitazama kwa muda.

"Mshono umefunguka," akasema. "Hapo, kwapani. Vidole viwili hivi."

Nikainua mkono, nikaangalia. Kweli. Uzi mweupe kwenye shati jeupe, vidole viwili.

"Vua nishone."

"Nitachelewa kweli sasa."

"Basi jioni. Usije ukaupanua huko kwa mifuko yako."

"Sawa, Mama."

"Na ufunge mlango, vumbi."

Nikatoka, nikaufunga.